Maswali ya Wasomaji: Mteja Mmoja, Faili Mbili Ndani ya Noah

SWALI: Kliniki yetu ya usikivu ina vyumba viwili, na kila chumba kina kompyuta yenye Noah yake, programu inayotunza rekodi za wateja wa vifaa vya kusikia. Bibi mmoja alipimwa chumba cha kwanza, mwaka uliofuata akapimwa cha pili. Sasa ana faili mbili, na juzi vifaa vyake vya kusikia vilirekebishwa kwa odiogramu (grafu ya kipimo cha usikivu) ya zamani. Tuziunganishe vipi bila kupoteza kitu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Moduli ya kurekebisha vifaa, yaani programu ya kiwanda inayofanya kazi ndani ya Noah, hutumia odiogramu iliyomo kwenye faili uliyoifungua. Haina habari kwamba chumba cha pili kuna nyingine mpya zaidi. Usikivu ukiwa umeshuka desibeli 15 kwenye hezi 2000 na 4000, mteja atarudi akisema sauti anazisikia ila maneno hayashiki, nanyi mtaanza kukilaumu kifaa.

Kabla ya kugusa chochote, elewa Noah inatunza nini. HIMSA, kampuni ya Denmark inayoitengeneza, iliweka muundo mmoja wa odiogramu ambao moduli za viwanda vyote huusoma. Marekebisho ya kifaa ni jambo jingine: kila kiwanda huyaandika kwa namna yake. Ndiyo maana Target, moduli ya kiwanda cha Phonak, itasoma odiogramu iliyotumika kwenye Genie, moduli ya Oticon, lakini marekebisho yenyewe ya Genie haitayafungua. Kwa hiyo msijaribu kuandika upya kwa mkono kutoka faili moja kwenda nyingine. Mtaokoa odiogramu, mtapoteza marekebisho yote, na tarehe ya kipimo itasomeka ya leo.

Fanyeni kazi hii jioni, wateja wakishaondoka. Kwanza chukueni nakala rudufu ya kila kompyuta. Kisha sahihisheni jina la kwanza, jina la mwisho na tarehe ya kuzaliwa ya bibi huyo ziwe sawa herufi kwa herufi pande zote mbili. Toeni faili yake kwenye kompyuta ya pili kwa amri ya kuhamisha wateja, muiingize kwenye ya kwanza. Halafu hesabuni: kama alikuwa na vipimo 3 huku na 2 kule, sasa lazima muone 5, na kila marekebisho yafunguke. Msifute kitu kabla ya hapo. Jaribuni kwa mteja mmoja kwanza, ndipo muendelee na wengine.

Lakini mkiishia hapo, mwezi ujao mtakuwa na faili mbili tena. Kompyuta moja iwe seva, yaani kompyuta kuu yenye hifadhidata, ya pili iunganishwe nayo kwa waya wa mtandao. Seva iwe na UPS (betri ya akiba), kwa sababu umeme ukikatika wakati data inaandikwa, hifadhidata inaweza kuharibika.

Suala la majina nalo lisipuuzwe, hasa Pwani. Mohamed, Muhammad na Mohammed ni watu watatu machoni pa programu; Fatma na Fatuma ni wawili. Andikeni kama kitambulisho kinavyosema, si kama mteja anavyoitwa nyumbani. Mzee asiyejua siku aliyozaliwa na asiye na kitambulisho, wekeni 1 Januari ya mwaka anaoukadiria, na muandike kwenye maelezo kwamba ni makadirio. Namba ya simu isitumike kumtambua mtu, maana simu moja huhudumia nyumba nzima. Mpeni kadi yenye namba ya faili.

SWALI: Baada ya kuweka Windows upya nilirudisha nakala ya Noah. Wateja wote wapo, odiogramu zinafunguka, ila marekebisho ya vifaa hayafunguki. Data imepotea? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Haijapotea. Nakala ya Noah hubeba hifadhidata, haibebi moduli za viwanda. Weka upya kila moduli uliyokuwa nayo, toleo lilelile au jipya zaidi, na marekebisho yatafunguka.

Nakala yenyewe ifanywe kwa chombo cha Noah, kila siku ya kazi. Kunakili folda ya hifadhidata huku programu inafanya kazi, au kuiacha ijisawazishe na hifadhi ya mtandaoni, hutoa nakala nusunusu. Kuiweka kwenye D: hakusaidii kama C: na D: ni diski moja. Tumia diski ya nje iliyofungwa kwa nywila, na nyingine ikae nje ya jengo. Mara moja kila robo mwaka irudishe kwenye kompyuta ya akiba, ufungue mteja wa zamani kabisa, wa jana, na mmoja mwenye vifaa masikio yote mawili.

SWALI: Mteja anahamia kliniki nyingine na anataka data zake. Tunalazimika kumpa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndiyo. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inampa haki ya kupata taarifa zake. Hakikisheni pia kliniki imesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mpeni odiogramu iliyochapishwa na faili iliyotolewa kutoka Noah, kwenye flashi, mkononi mwake, akasaini kupokea. Faili hiyo isipitie kundi la WhatsApp la wafanyakazi.