Tawi bora la walimu watarajiwa: jibu langu kwa aliyeuliza "tufanye matukio mangapi?"

Mdogo wangu, nimesoma swali lako na majibu ya wadau waliotangulia. Umechaguliwa mwenyekiti wa tawi la Kappa Delta Pi, chama cha heshima cha watu wa elimu, chuoni kwenu huko Marekani, mlezi wenu anataka muombe tuzo ya matawi bora, nawe unauliza yatakiwa matukio mangapi kwa mwaka ili mpate. Mmoja kakwambia kila mwezi tukio moja, mwingine kasema mawili, wa tatu kasema pigeni picha nyingi. Mimi nilikuwa katibu wa tawi la namna hiyo niliposoma kule, baadaye nikawa mweka hazina, na nimeshiriki kuandika maombi yaliyopata na maombi yaliyokosa. Sijaona mahali ambapo idadi ndiyo iliyoamua.

Kwanza niwaweke sawa wengine, maana kuna mdau kauliza kama hii ni CWT ya Wamarekani. Hapana. CWT, Chama cha Walimu Tanzania, ni chama cha wafanyakazi, na walimu wenzetu wa kule wana vya kwao, NEA na AFT. Hiki ni chama cha heshima. Hujiungi kwa kutaka, unaalikwa kwa sababu ya GPA yako, yaani wastani wa alama zako, halafu unalipa ada na kuapishwa. Vyama vya aina hii Marekani ni vya zamani sana, kile cha Phi Beta Kappa kilianza mwaka 1776, na vingi vina majina ya herufi za Kigiriki. Kappa Delta Pi ni cha watu wa elimu, kilianzishwa mwaka 1911 kwenye Chuo Kikuu cha Illinois, na makao makuu yake yako Indianapolis. Majina makubwa yamepita humo: John Dewey, Jean Piaget, Eleanor Roosevelt, hata Einstein. Kile kitabu chembamba cha Dewey, mwanafalsafa wa elimu, cha mwaka 1938, Experience and Education, ambacho wengi wetu tulikariri nukuu zake kwa ajili ya mtihani bila kukiona, kilitokana na mihadhara ya chama hiki. Nilipokuwa chuo cha ualimu Butimba sikujua hilo.

Tuzo yenyewe mlezi wako anayoisema ni ACE, yaani Achieving Chapter Excellence. Wakati wangu ilikuwa ikitolewa kwa mzunguko wa miaka miwili, sambamba na mkutano mkuu wao wanaouita Convo. Inapewa tawi zima, siyo mwenyekiti wala mlezi. Hilo likae kichwani, maana ndilo linalobadilisha namna ya kuandika maombi.

Sasa nikuambie ugonjwa wa matawi haya, ambao bila shaka umeshauona. Sisi tulikuwa tunauita "tawi la kamba". Masika ya kule yanafika, wanachama wapya wanaapishwa jioni moja: mishumaa, vyeti, wazazi wamevaa vizuri, keki na juisi mezani, mlezi anasoma majina huku akijiumauma kwenye yale magumu. Mwezi unaofuata wanaomaliza wanavaa joho na zile kamba za rangi ya zambarau na kijani shingoni, wanapiga picha, wanaondoka. Kuanzia hapo tawi halisikiki mpaka masika mengine. Siyo uvivu. Hesabu tu inawakataa. Mwanachuo anafikisha GPA ya kualikwa akiwa mwaka wa pili au wa tatu. Mwaka wa nne anakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, yale sisi tunayoita BTP, ila ya kwao ni muhula mzima na kwa kawaida hayana malipo. Anaamka alfajiri, anarudi jioni na madaftari ya kusahihisha, usiku anaandaa somo la kesho. Huyo utamwambia nini kuhusu kikao cha tawi? Kwa hiyo uongozi mzima unadumu mwaka mmoja, mara nyingine pungufu, na kila uongozi unaanza na karatasi tupu.

Ndiyo maana nasema usihesabu matukio. Tawi linaloonekana bora ni lile ambalo viongozi wake wakiondoka wote kwa pamoja, waliobaki wanajua Jumatatu wafanye nini. Msomaji wa maombi, ambaye amepitia mafaili ya vyuo kibao, hilo analiona haraka. Akikuta matukio kumi na mbili yasiyohusiana, leo kuoka keki, kesho kuokota taka, keshokutwa mgeni wa kuzungumzia usaili wa kazi, anajua hapo kuna mwenyekiti mchangamfu tu. Akikuta shughuli tatu ambazo zilianzishwa na watu waliokwisha hitimu, na bado zinakwenda na zimerekebishwa kutokana na yaliyoonekana mwaka uliopita, anakaa vizuri kwenye kiti.

Nikupe mfano wa kwetu, kwa sababu ndio ninaoujua kwa ndani.

Chama kina mradi wa kusoma uitwao Literacy Alive!, ambao tawi linapanga shughuli ya kusoma na jamii inayolizunguka. Tawi letu lilikuwa limezoea kukusanya vitabu mwezi wa tatu, karibu na ile siku ya kusoma ya NEA ya tarehe 2 Machi, na kuvipeleka shule ya msingi ya jirani. Maboksi, tabasamu, picha, basi. Katika shule hiyo palikuwa na watoto wengi wa wakimbizi, wakiwemo Wakongo kutoka Kivu. Mkutubi wa shule, mama mmoja mkavu wa maneno lakini wa haki, alituambia wazi kwamba rafu zake zimejaa na hana shida ya vitabu. Shida yake ni kwamba wazazi hawakanyagi maktaba.

Tukabadilisha. Badala ya maboksi tukaanzisha jioni ya kusoma mara moja kwa mwezi, mzazi na mtoto pamoja, na chakula. Chakula ndicho kilichowaleta watu, nisikudanganye. Jioni ya kwanza alikuja mama mmoja amembeba mdogo mgongoni, mkubwa kamshika mkono. Akasimama mlangoni akitazama zile meza ndogo. Nikamsalimia kwa Kiswahili, akashtuka, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chao cha Bukavu, "Mwalimu, mutoto yangu anajua kusoma, ao ananidanganya?" Alikuwa amekaa miezi akimsikiliza mwanawe akisoma kwa sauti Kiingereza nyumbani, na hakuwa na namna ya kujua kama kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Nikakaa nao. Mtoto akasoma ukurasa, nikamtafsiria mama, mama akamuuliza mtoto swali kuhusu picha, mtoto akajibu. Alikuwa anasoma kweli, tena vizuri.

Swali la yule mama ndilo lililotupa kazi ya mwaka mzima. Wanachama wetu, wengi wao Wamarekani wasiojua lugha nyingine, walianza kutengeneza karatasi moja kwa kila kitabu: maswali matano ya kumuuliza mtoto, yametafsiriwa kwa lugha za wazazi, ili mzazi asiyesoma Kiingereza aweze kukaa na mwanawe na kuuliza. Kiswahili nilitafsiri mimi, nikamwomba yule mama ayapitie, akayageuza maneno kadhaa kwa sababu Kiswahili changu cha Mwanza kwake kilikuwa cha redioni. Kihispania kilikuwa na watu wengi. Kiarabu kilitusumbua mpaka tukampata mwanafunzi wa uhandisi.

Ikaja kuandika maombi. Rasimu ya kwanza ilisema, takriban hivi: "Tawi letu liliwahudumia watoto wenye uhitaji kwa kuwapa fursa ya kusoma." Mlezi wetu akairudisha na neno moja la wino mwekundu pembeni: "Halafu?" Tukaandika tena, akarudisha tena na "Halafu?" ileile. Mara hii tulikasirika, na katika hasira ndipo tulipoandika yaliyotokea: kwamba mkutubi alikataa vitabu vyetu, tulibadilisha nini, wazazi wangapi walirudi mara ya pili kwa mujibu wa daftari la mahudhurio, karatasi za maswali zilitumikaje darasani na wanachama wetu wawili waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na nani amekabidhiwa mradi kwa mwaka unaofuata. Maombi hayo ndiyo yaliyopata. Yale yaliyokosa, miaka miwili kabla, yalikuwa na picha nzuri kuliko haya.

Unaona basi kinachotakiwa? Daftari la mahudhurio. Wala usicheke. Katibu wenu aandike siku hiyohiyo, kabla watu hawajasambaa: nani alikuja, nini kilikwama, nani alisema nini cha maana. Muhtasari wa kikao ukiandikwa wiki mbili baadaye unakuwa hadithi. Kwa waliopita vyuo vya ualimu nyumbani hili ni rahisi, tumelelewa na azimio la kazi na andalio la somo, na kile kipengele cha tathmini mwishoni ambacho wengi tulikuwa tunaandika "somo limeeleweka" hata kabla hatujaingia darasani. Hapo "somo limeeleweka" haitakusaidia.

Picha nazo uwe mwangalifu. Shule za kule zina fomu za ridhaa ya wazazi, na mtoto ambaye mzazi wake hakusaini haingii kwenye picha, hata akiwa ndiye anayecheka vizuri kuliko wote. Watoto wa wakimbizi ndio zaidi. Sisi tulipiga mikono na vitabu, na ikatosha.

Pesa sitazungumza sana. Ada ya taifa inakwenda Indianapolis, ya tawi inabaki, na iliyobaki haitoshi chochote. Tuliuza maandazi yangu kwenye ukumbi wa kitivo, yakaisha haraka kuliko donati zao. La msingi ni risiti zihifadhiwe na mweka hazina aweze kuonyesha kwamba kilichochangwa kwa jioni ya kusoma kilikwenda kwenye jioni ya kusoma. Na wewe uliye na viza ya F-1, ile ya wanafunzi, kujitolea kwenye tawi hakuna shida, lakini shule au mzazi akitaka kukulipa kwa kumfundisha mtoto nje ya kampasi, nenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Zile saa 20 kwa wiki unazoruhusiwa kufanya kazi wakati wa masomo ni za kazi ya ndani ya chuo.

Kuna mdau kasema tuzo hizi ni za vyuo vikubwa vyenye pesa. Hajakosea sana. Tawi lenye wanachama mia na ofisi yake, na mlezi aliyepunguziwa vipindi ili alihudumie, linaanza mbio likiwa mbele. Chuo kidogo ambacho nusu ya wanafunzi wanafanya kazi usiku kwenye maghala na wana watoto nyumbani hakiwezi kuonyesha wingi huo, na maombi ya maandishi kwa asili yake yanampendelea anayejua kuandika maombi. Hilo linaniudhi mpaka leo. Lakini ushauri wangu kwa tawi dogo ni kwamba liseme ukubwa wake bila kujificha. "Tuko kumi na wanne, tisa wanafanya kazi, tulichagua jambo moja." Msomaji mwenye akili anajua uzito wa sentensi hiyo.

Na je, tuzo ina faida gani? Kwenye usaili wa kazi sikuulizwa hata mara moja. Wakuu wa shule wanauliza leseni, mazoezi yako na darasa utalidhibiti vipi. Faida tuliyoiona ilikuwa kwa mkuu wa kitivo, ambaye kabla ya hapo alikuwa akilichukulia tawi kama kikundi cha keki. Baada ya tuzo alitupa chumba cha kudumu na fungu dogo la nauli, na mradi wa jioni ukapata mahali pa kuweka vitu vyake. Kwetu nyumbani mahafali yana zawadi ya mwanachuo bora wa somo hili na lile. Klabu iliyofanya kazi pamoja mwaka mzima sijawahi kuiona ikiitwa mbele, na natamani wakufunzi mliomo humu mlifikirie.

Kwa hiyo fanya hivi. Muombe mlezi nakala za maombi ya zamani, ya kupata na ya kukosa, usome yote kabla hujapanga tukio lolote. Chagueni shughuli ambayo tayari ipo na ina mwenyewe, msianzishe mpya kwa ajili ya tuzo. Kikao cha makabidhiano mkifanye mapema, wanaokwenda mazoezi ya kufundisha wakiwa bado wanapatikana, na kila kiongozi aje na faili lake, siyo maneno. Viongozi wapya wachaguliwe wakiwa na angalau mmoja wa mwaka wa pili. Rasimu ikiwa tayari iweke hapa, nitaisoma na kukuandikia "Halafu?" pembeni bila huruma. Ila kabla ya kuibandika, toa majina ya watoto na namba za simu za wazazi.