Ukienda Nicodemus, usiende kama nilivyoenda mimi

Mara ya kwanza nilikaa Nicodemus, mji mdogo wa jimbo la Kansas, Marekani, dakika ishirini. Nilikuwa nimeendesha gari tangu alfajiri kutoka Wichita, kichwani nina ule mji wa magharibi wa sinema za kauboi: baa ya mbao, farasi wamefungwa nje, vumbi na vurugu. Nikakuta majengo matano ya kale, nyumba chache za watu, na upepo. Kituo cha wageni kilikuwa kimefungwa, kosa langu mwenyewe, sikuuliza siku za kufungua. Nikapiga picha tatu, nikageuza gari nikinung'unikia petroli yangu.

Nimesharudi mara mbili tangu hapo. Kwa hiyo, la kwanza: soma kabla hujaondoka nyumbani, maana sehemu kubwa ya unachokwenda kuona haipo tena.

Mji huu wa kaskazini-magharibi mwa Kansas ulianzishwa mwaka 1877 na Waamerika Weusi wa Kentucky, wengi wao waliozaliwa utumwani. Sheria ya ardhi ya 1862 ilimruhusu mtu kuchukua ekari 160, akikaa na kulima miaka mitano ziwe zake. (Mimi ni Mkenya, neno "mlowezi" hunikwama kooni. Na nyanda hizi nazo zilikuwa na wenyewe. Ila chakula kilipowaishia majira ya baridi ya kwanza, wawindaji wa Kiosage, mojawapo ya makabila ya wenyeji asilia, ndio waliowagawia cha kula.)

Miti ya kujengea ilikuwa haba, basi watu walichimba. Willianna Hickman alifika mwaka 1878 akiwa mgonjwa. Wanaume wakapaza sauti kwamba Nicodemus ule pale. Akakodoa macho, hakuona kitu. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukifuka kutoka ardhini. Watu walikuwa wanaishi humo chini, kwenye mashimo. Mama wa watu akaangua kilio.

La pili, usiyapitie majengo kwa jinsi yalivyokaa njiani. Yapange kwa miaka. Hoteli ya St. Francis ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1880, na kanisa la AME, la Wamethodisti Weusi, la mwaka 1885. Halafu kimya, mpaka kanisa la Kibaptisti la 1907, shule ya 1918, na ukumbi wa mawe ya chokaa uliomalizika 1939. Jiulize kimya kile kilitoka wapi. Kilitoka kwa reli. Mwaka 1887 wakazi walipiga kura kuchangisha dola 16,000 kuivutia kampuni ya treni, na mwaka uliofuata reli ikajengwa ng'ambo ya mto Solomon. Wenye maduka wakafungasha wakahamia Bogue, kijiji kilichoota pale reli ilipopita. Sisi watu wa Machakos hatuhitaji kuelezwa zaidi. Nasi reli ilitupita ikaenda kuizaa Nairobi.

Mambo madogo madogo: jaza tangi Stockton au Hill City, beba maji, na kofia inayobana kichwa, si ile ya kupeperuka. Tangu 1996 eneo hili linatunzwa na Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, hivyo piga simu kwanza.

La tatu ndilo kubwa. Nenda wikendi ya mwisho ya Julai. Ni sherehe ya kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa, na wajukuu na vitukuu wa Nicodemus hurudi kutoka mbali kama sisi tunavyoingia ushago Desemba: sufuria kubwa, watoto wasiojuana wakiambiwa ni binamu, wazee kwenye viti vya kukunja chini ya kivuli. Usianze na kamera. Salimia, kaa, ule ukikaribishwa.

Mimi nilikaa na bibi mmoja aliyeniuliza kwetu ni wapi, na kama kwetu mvua inanyesha. Baadaye akanishika mkono, tukatembea polepole hadi nyuma ya nyumba, akaninyooshea fimbo mahali ambapo nyasi zilibonyea kidogo, upana wa kitanda kimoja na nusu. Hapo ndipo babu ya mama yake alipochimba. Mara ya kwanza nilikuwa nimepakanyaga, nikitafuta mahali pa kugeuzia gari.