Hedifoni za kupunguza kelele zitanifaa kwenye matatu?

SWALI: Shangazi, hujambo? Mimi ni mwalimu, naishi Kondele, Kisumu. Kila Ijumaa ya pili napanda matatu kwenda Nakuru kumwona mama, na nikishuka kichwa kinanigonga kwa mngurumo wa injini na muziki wa gari. Kuna duka hapa mjini wananiuzia hedifoni za kupunguza kelele kwa shilingi 4,500. Je, zitanyamazisha kila kitu? Na masikio hayataumia?

JIBU: Sijambo, mwalimu. Hazitanyamazisha kila kitu, na tafadhali usitamani zifanye hivyo.

Hedifoni hizi zina maikrofoni ndogo zinazosikiliza kelele ya nje. Spika ya ndani hutoa wimbi lililo kinyume cha kelele hiyo: moja likipanda, jingine linashuka, na mawili hayo yanafutana sikioni mwako. Kazi hiyo inawezekana kwa sauti nzito isiyobadilika. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya spika ya Bose, alianza kulifikiria jambo hili mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich, na mvumo wa ndege na wa matatu ni ndugu. Honi, kilio cha mtoto na sauti ya makanga hubadilika upesi mno, kwa hiyo zitapungua kidogo tu. Muziki wa gari vilevile.

Mimi hupita barabara hiyo hiyo. Matatu yetu ya abiria 14 mara nyingi huwa na injini chini ya viti vya mbele, na ukikaa hapo, mlima wa kutoka Kericho kuelekea Londiani unausikia hadi kwenye meno. Nikibonyeza kitufe cha hedifoni zangu mngurumo unazama, ndipo nasikia vitu vidogo: kifungo cha mkanda kikigonga chuma cha kiti, mama wa nyuma yangu akimenya njugu, ganda moja baada ya jingine. Nikifika Nakuru bado nina nguvu ya kuzungumza na watu.

Lakini mwaka jana nilifumba macho hedifoni zikicheza nyimbo, na pale Kericho makanga akatuuza kwa gari lingine. Sikusikia tangazo. Jirani alinitikisa bega, nikashuka mbio, na mfuko wangu wa omena ukabaki chini ya kiti cha gari lililokuwa tayari linageuza kurudi Kisumu. Omena zile zilikuwa za mama mkwe, na iliniuma sana. Tangu siku hiyo, gari likipunguza mwendo tu, sikio moja liko wazi.

Kuhusu kuumia, hatari iko kwenye sauti unayocheza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Watu wengi huongeza sauti ili washindane na injini. Injini ikinyamazishwa huna haja hiyo, na kwangu faida kubwa ni hapo. Ukihisi masikio yanabanwa mara tu unapowasha kitufe, usiogope, hakuna hewa inayoingizwa. Yakiziba mkipanda Mau, hicho ni kimo: Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Mau Summit inapita mita 2,400. Meza mate au mung'unye peremende.

Sasa hizo za 4,500. Soma boksi. Herufi ANC, yaani ule ufutaji wa kelele sikioni mwako, ndizo unazotafuta. ENC husafisha sauti yako kwa yule unayempigia simu, na sikio lako halipati kitu, ingawa wauzaji wengi huziita zote za kupunguza kelele. Usilipe kabla ya kujaribu: simama karibu na friji au jenereta ya dukani bila muziki wowote, washa, zima, washa tena. Mvumo usipozama, ziache hapo. Ukizinunua, zichaji Alhamisi usiku, maana nyingi chaji ikiisha hubaki sifongo tu masikioni.