Daftari lifungwe kwanza

Swali lenu la wiki hii, mwandishi wa safari atoe wapi mawazo yenye faida na yaliyo yake mwenyewe, limenichoma. Nitajibu la jirani yake: kwa nini tunakwenda mbali halafu tunaandika yale yale? Kwa sababu tunaandika tukiwa bado njiani. Daftari likifunguliwa, masikio yanaziba.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda treni ya Kigoma, daraja la tatu. Kurasa nilikuwa nimeshazijaza: reli ya Wajerumani, ilifika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar. Yote kweli, na yote unayapata bila kukata tiketi. Mbele yangu alikaa bibi mmoja wa Uvinza. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza tumefika wapi. Nikachungulia nje kutafuta kibao.

"Kibao cha nini, mjukuu wangu? Sikiliza wanauza nini."

Hakujua kusoma. Wakiita zabibu, ni Dodoma. Asali, Tabora. Chumvi ikisogezwa dirishani, anafunga mizigo yake.

Tabora tuliingia usiku. Pale ndipo treni inapokatwa: mabehewa ya Mwanza, ya Mpanda na ya Kigoma yanaachana. Niliposimama kwenda kutafuta chai, bibi alinipa kanga yake ya njano, akaniambia niifunge dirishani kwa nje. Nikaifunga ili kumridhisha tu. Niliporudi na vikombe viwili, behewa halikuwepo nilipoliacha. Nikatembea kando ya reli gizani, chai inanimwagikia vidoleni, behewa moja linafanana na lingine, mpaka nilipoiona kanga, reli ya pili. Bibi alipokea chai, akaivuta kanga ndani, akajifunika.

Hilo ndilo wazo: kabla hujashuka Tabora, funga kitu dirishani. Linamfaa msafiri yeyote. Kwa haki ni la bibi, nami nilipaswa kumwomba ruhusa, ila Uvinza alishuka nikiwa usingizini.

Nimesita hapa nikaenda kuitafuta tiketi ile. Nyuma yake nimekuta maneno manne kwa mwandiko wangu: zabibu, asali, chumvi, kanga. Kumbe niliandika, na bila hayo leo nisingekuwa na la kuwajibu. Basi daftari lichukuliwe, ila liwe dogo, likae mfukoni mpaka mwenzako atakaponyamaza. Na kama maneno ni yake, aambiwe kabla hajashuka.