Maswali ya wasomaji: Boila inapogoma kiangazi

SWALI: Boila yetu ni ya lita 100, wati 1500. Mwezi wa pili ilitupa maji moto bila shida. Sasa, kwenye baridi ya kiangazi, tunaiwasha saa kumi na moja jioni, na saa mbili usiku maji ni vuguvugu tu. Taa yake inawaka. Fundi anasema rezistansi (chuma cha ndani kinachopasha maji) imekufa, tununue mpya. Tununue? (Mama wa mapacha, Bel-Air, Lubumbashi)

JIBU: Usinunue bado, mama. Rezistansi iliyokufa haitoi hata uvuguvugu: waya wake wa ndani ukikatika, umeme haupiti, na maji yanabaki kama yalivyotoka bombani. Yenu iko hai, ila ina njaa.

Fundi aweke multimeta (kipima umeme) kwenye waya mbili za boila saa moja jioni, boila ikiwa imewashwa. Akipima ikiwa imezimwa, volti zitamdanganya, maana waya usiobeba mzigo huonekana mzima. Tuseme badala ya 220 amekuta 160, jambo ambalo jioni za baridi si ajabu. Nguvu ya rezistansi hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe: 160 gawanya kwa 220, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 0.53. Boila ya wati 1500 imebaki na wati 790 hivi.

Kutoa lita 100 kwenye digrii 16 hadi 60 kunataka kilowati-saa 5 na kidogo. Kwa wati 1500 ni karibu masaa matatu na nusu. Kwa wati 790 ni masaa sita na nusu. Ninyi mnaipa matatu, basi maji yanafika digrii 36 na kuishia hapo. Mwezi wa pili maji yaliingia yakiwa na joto zaidi, na majirani hawakuwa wote kwenye boila na resho (jiko la umeme) saa ileile. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba hapa hushuka chini ya digrii 10, na boila iliyofungwa nje ukutani inapoteza joto usiku kucha.

Apime pia kwenye kompteri (mita ya umeme). Kama kompteri nayo inaonyesha 160, tatizo liko kwenye laini ya SNEL, shirika la umeme, na hakuna rezistansi mpya itakayolitibu. Kama kompteri ina 215 na boila ina 190, volti zinapotea ndani ya nyumba: skrubu iliyolegea, fishi (plagi) iliyoungua, au waya mwembamba. Boila hii inataka waya wa milimita mraba 2.5 na dijonteri (swichi inayojikata yenyewe) yake peke yake ya ampea 16.

Dawa ya laini dhaifu ni kuhamisha saa. Iwasheni saa nne usiku, resho za mtaa zikishazimwa, mwoge alfajiri. Stabiliza msinunue kwa ajili ya boila. Kwa friji sawa. Ili ifikishe 220, stabiliza inavuta ampea nyingi zaidi kwenye laini iliyochoka, na jirani anazidi kukosa.

Ila taa za nyumba zikianza kung'aa kupita kiasi upande mmoja huku nyingine zikififia, msipime chochote. Hiyo ni waya wa nyutro umekatika au umelegea. Zimeni swichi kuu, muite SNEL.

SWALI: Maji ya REGIDESO, shirika la maji, yalikatika siku mbili. Yaliporudi, kila tukiwasha boila dijonteri inaruka. (Msomaji, Katuba)

JIBU: Hapa ndipo rezistansi inashukiwa kwa haki. Bomba lisipokuwa na valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, presha ikishuka boila inajimwaga kupitia bomba la maji baridi, hasa kama mtu ameacha bomba la moto wazi. Rezistansi ikawashwa ikiwa kavu, ganda lake likapasuka. Maji yaliporudi yakaingia ndani, na umeme ukaanza kuvuja kwenye chuma. Dijonteri inayohisi uvujaji inaruka. Nyumba isiyo na dijonteri hiyo wala waya wa ardhi, bomba ndilo litakalowapiga.

Zima swichi kuu, hakikisha kwa multimeta kwamba umeme haupo, fungua kifuniko, toa waya mbili za rezistansi. Pima omu kati ya ncha zake: ya wati 1200 iwe karibu 40, ya 1500 karibu 32, ya 2000 karibu 24. Multimeta isiposoma kitu, waya umekatika. Kisha gusa ncha moja na mwili wa chuma, kipimo kikiwa cha juu kabisa: pasisomeke kitu. Pakisomeka, badilisha. Multimeta haioni kila uvujaji, kwa hiyo kama una shaka, funga waya hizo mbili kwa tepu, kila moja peke yake, uwashe. Dijonteri ikitulia, rezistansi ndiyo mwizi. Ikiruka, tafuta kwenye waya au themostati (kidhibiti joto).

Weka gaskiti mpya, pamoja na valvu ya usalama ya bari 7 yenye kizuizi cha kurudi nyuma. Itadondosha maji kidogo boila inapopasha. Ni kazi yake, usiizibe. Jaza boila bomba la moto likiwa wazi hadi maji yatoke bila kukohoa hewa. Ndipo uwashe.

Ukikuta rezistansi nzima lakini haipati umeme, bonyeza kitufe chekundu cha themostati. Kikiruka tena ndani ya wiki, huenda ni chokaa: maji ya hapa yanapita kwenye mawe ya dolomiti. Loweka rezistansi kwenye siki usiku mzima, usiigonge nyundo. Anodi ya magnesi (fimbo inayoliwa na kutu badala ya tangi) ikiwa imebaki waya mtupu, badilisha palepale.

SWALI: Boila ikiwa kwa fundi, tunaweza kuingiza mbabula (jiko la makaa) chumbani usiku? (Baba, Kenya ya Lubumbashi)

JIBU: Hapana, baba. Makaa yaliyowaka mekundu bila moshi bado yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, inayoua waliolala. Mbabula ibaki nje, ichemshe maji. Lita 5 zilizochemka kwa lita 10 za baridi zinatoa ndoo ya digrii 42 hivi. Tangulizeni maji baridi kwenye ndoo, ya moto yafuate.