Mleta mada wa PhD ya haki jinai, usichapishe hilo dodoso kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Kama uko njiani kwenda stationari na flashi mkononi, rudi nyumbani.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta mada yuko Moshi, ana uzamili wa sosholojia, anafundisha vipindi vichache chuoni, ameshajisajili PhD na ada ya mwaka wa kwanza ameshalipa. Mada yake ni msongamano wa mahabusu katika magereza ya Karanga (Moshi) na Kisongo (Arusha), na anataka kuhoji mahabusu 200. Ameuliza manne: kama 200 inatosha, kama abaki hapa au atafute nafasi nje, achapishe kwenye majarida gani, na kama GPA yake ya 3.6 ya shahada ya kwanza itampa ajira ya uhadhiri. Watu kumi wamemjibu "hongera mkuu, mada nzuri sana". Sikatai. Hata Kibo ni kizuri, ila bila kibali unaishia kukitazama ukiwa Marangu getini.

Swali ambalo hukuuliza ndilo litakalokula hela yako. Umeandika, nanukuu, "kibali kitashughulikiwa baada ya kutetea andiko", yaani pendekezo la utafiti mbele ya jopo la chuo. Sentensi hiyo naifahamu kama namba yangu ya simu. Niliambiwa na msimamizi mwenye miaka mingi chuoni na ambaye hajawahi kuvuka geti la gereza lolote: "Andika tu, kibali kitafuata." Kibali hakikufuata. Kilichofuata ni ankara ya ada ya mwaka wa pili. Na yeye hakupungukiwa kitu, alipata sifa ya kusimamia mada nzito.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na nitairudia mpaka mnichoke: usitetee andiko ambalo ufunguo wa takwimu zake uko mfukoni mwa mtu ambaye hajakujibu kwa maandishi.

Watu wengi wanadhani barua ya mkoa inafungua kila mlango. Ukitafiti shule au vikundi vya wakulima wa kahawa Kibosho, ngazi inaeleweka: chuo kinakupa kibali, unakipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anakuandikia kwa Katibu Tawala wa Wilaya, unashuka nayo hadi kwa mtendaji wa kata. (Aliyesajiliwa chuo cha nje ya nchi anaanzia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia.) Gereza haliko kwenye ngazi hiyo. Magereza ni jeshi, liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na mwenye neno ni Kamishna Jenerali, makao makuu Dodoma. Mkuu wa gereza hawezi kukuruhusu hata akiwa mjomba wako wa damu. Ukifika Karanga na barua yenye mhuri wa mkoa utakaribishwa kiti, utasikilizwa vizuri, kisha utaoneshwa njia uliyojia.

Barua ikifika Dodoma inapita masjala, inapita kwa wanaohusika na usalama, ndipo ianze kushuka kwa mkuu wa magereza wa mkoa na mwisho gerezani. Na kibali kikitoka kinahusu kile ulichoomba tu. Uliomba Karanga, katikati ya safari ukaona uongeze Kisongo? Andika upya. Ulisema dodoso, sasa unataka kurekodi sauti? Andika upya. Tena hesabu kabisa kwamba simu na kinasa sauti vinabaki getini. Utafiti wako upange kwa kalamu na karatasi tangu siku ya kwanza, la sivyo sura ya tatu ya tasnifu, ile ya mbinu, itakuwa hadithi ya kubuni.

Tuje kwenye hiyo 200. Nakisia ilikotoka: uliweka mahabusu 400 kwenye fomula ya Yamane, ya kukadiria idadi ya watu wa kuhoji, na kiwango cha kosa cha 0.05. Mia nne gawanya kwa 1 + (400 × 0.0025), yaani 400 gawanya kwa 2. Hesabu ni sahihi na haikusaidii kitu. Fomula ile inataka orodha kamili ya watu, ambao wewe unawachagua kwa bahati nasibu. Orodha yenyewe iko kwenye rejista ya gereza, na inabadilika kila karandinga linapokwenda mahakamani na kurudi: huyu kapata wadhamini, yule kesi imeondolewa akakamatwa tena nje ya mlango, wapya saba wameingia jioni. Sasa kama hushiki rejista, nani atakuchagulia hao 200? Askari wa zamu, au nyapara. Utaletewa watu watulivu, wanaojua kusoma, wasio na neno baya na mtu. Halafu sura ya nne, ya matokeo, utaandika kwamba hali inaridhisha. Yamane wa watu hana kosa lolote hapo.

Hata ukipewa rejista, piga hesabu ya saa. Mahojiano ya dakika 40 kwa watu 200 ni dakika 8,000, zaidi kidogo ya saa 133. Gereza lina ratiba yake: hesabu ya asubuhi, chakula, siku za mahakama, kufungiwa mapema. Tuseme umepewa saa mbili kwa siku, ambazo kwa mtu wa nje ni ukarimu. Hao ni watu watatu kwa siku. Siku 67 za kazi, wiki 13 na ushee, bila sikukuu, bila ukaguzi, bila siku ambayo ofisa anayekusindikiza ana udhuru. Kibali chako kitakuwa cha wiki ngapi? Uliandika mwezi mmoja. Nauli ya Moshi na Kisongo kila siku umeiweka kwenye bajeti? Hukuiweka, nimeipitia mara mbili.

Halafu kuna jambo linaloniuma kuliko hela. Mahabusu hajahukumiwa. Kesi yake iko mahakamani. Dodoso lako ulilobandika hapa, swali la 9, linasema: "Ulitenda kosa gani lililokuleta hapa?" Mkuu! Mshtakiwa akikujibu swali hilo, na askari yuko hatua tatu kutoka kwenu, umeokota maelezo ambayo hayakuwa na wakili wala onyo. Wewe si wakili wake. Sheria yetu ya Ushahidi inalinda mazungumzo ya wakili na mteja, haina kinga ya mtafiti. Karatasi zako zikitakiwa mahakamani huna pa kujificha. Futa swali la 9. Futa na la 14 linalotaka jina la mpelelezi. Muulize tarehe aliyoingia, amepelekwa mahakamani mara ngapi, kesi imeahirishwa kwa sababu gani, dhamana ilikwama wapi. Hayo ndiyo yanayohusu msongamano.

Wala usidhani ni ukiritimba wa kibongo tu. Pale Philadelphia, gereza la Holmesburg, daktari wa ngozi Albert Kligman alijaribia dawa na vipodozi miilini mwa wafungwa kuanzia 1951 hadi 1974. Kanuni za Marekani zilizokuja baadaye, 45 CFR 46 sehemu ndogo C, zinaitaka kamati ya maadili inayopitia utafiti wa wafungwa iwe na mfungwa au mwakilishi wao. Kwa hiyo ukienda nje kusoma utakutana na geti hilo hilo, ila lina kiyoyozi.

Ufanyeje sasa. Kabla ya kutetea chochote, andika muhtasari wa kurasa mbili, kwa Kiswahili, maana wa kwanza kuusoma si profesa. Taja magereza kwa majina, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watakaoingia na namba zao za NIDA, saa unazoomba kwa siku, na karatasi zitatunzwa wapi na kuteketezwa lini. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, itaje kwa jina. Ambatisha maswali yote, usifiche hata moja. Ahidi kurudisha nakala ya ripoti, na uirudishe kweli, kwa sababu anayekuja nyuma yako anahukumiwa kwa tabia yako. Barua ya utambulisho isainiwe na chuo, ielekezwe kwa Kamishna Jenerali, nakala kwa mkuu wa magereza wa mkoa.

Peleka kwa mkono kama unaweza. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na uombe Kumb. Na. ya jalada. Ukifuatilia baada ya wiki nne na kusema "nilileta barua yangu", unaanza moja. Ukitaja namba, jalada linatafutwa. Kamati ya maadili ya chuo itakwambia inataka ridhaa ya gereza kwanza, na gereza litakwambia linataka kibali cha maadili kwanza. Kuku na yai. Njia ni kuliomba gereza barua ya kukubali kimsingi, kwa sharti kwamba maadili yapite. Kamati nyingi zinaipokea hiyo. Jipe siku 90. Zikipita kimya, badili chanzo cha takwimu kabla ya ada nyingine.

Na vyanzo vipo, tena vya bure, ndiyo maana nina hasira. Msongamano wa mahabusu hauzaliwi gerezani. Unazaliwa kwenye dhamana iliyokwama, kwenye "upelelezi haujakamilika", kwenye kesi inayotajwa na kuahirishwa kila wiki mbili. Mahakama ni ya wazi. Jitambulishe kwa barua kwa hakimu mkazi mfawidhi, Moshi na Arusha, kaa benchi la nyuma na daftari lenye safu sita: namba ya kesi, kosa, tarehe ya kufunguliwa, imefikia hatua gani, sababu ya kuahirishwa, tarehe mpya. Sababu zitajipanga zenyewe: upelelezi, shahidi hakufika, hakimu ana udhuru, wakili hayupo, mshtakiwa hakuletwa. Kwa miezi mitatu utakuwa na kitu ambacho dodoso lako lisingekipata.

Ongeza tovuti ya TanzLII, ambako hukumu na maamuzi ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani yanasomwa bila kulipia. Tahadhari moja kubwa: kesi nyingi za mahakama za chini huzioni pale mpaka zikatiwe rufaa, kwa hiyo usije ukaandika "mahakama za Kilimanjaro" ukiwa umesoma rufaa tu. Mpe mwenzako asome upya asilimia 10 ya maamuzi uliyoyaainisha, mlinganishe. Mkipishana sana, tatizo ni fasili zako. Ripoti ya mwaka ya takwimu za uhalifu ya Jeshi la Polisi na NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) itakupa idadi ya makosa yaliyoripotiwa, kumbuka hilo neno "yaliyoripotiwa". Na Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023. Ndani yake kuna mada za PhD za kugawana ukoo mzima.

Watu wa Arusha ndio mnanishangaza zaidi. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa AICC, jengo la mikutano hapo mjini, hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015: washtakiwa 93, na hukumu ya Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998, ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Kumbukumbu zake ziko Lakilaki, kwa IRMCT, chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi zake, na nyaraka za wazi zinapatikana mtandaoni. Mashahidi waliolindwa wana majina ya bandia na vikao vya faragha vimefichwa, usijaribu kuwatambua. Lakini mtu anatoka Ulaya kuja kuzisoma, na wewe mkazi wa Kijenge, hapo hapo Arusha, unagombana na geti la Kisongo.

Mengine uliyouliza. GPA: matangazo mengi ya vyuo vya umma kwa mhadhiri msaidizi yamekuwa yakitaka 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Kwa 3.6 yako, soma kila tangazo la Ajira Portal mstari kwa mstari kabla ya kutuma, maana PhD haiifuti shahada ya kwanza. Pia usitegemee kukuta kila chuo kina mlango ulioandikwa Idara ya Haki Jinai. Kwetu huku ajira hizo mara nyingi zinapitia sheria, sosholojia au ustawi wa jamii, kwa hiyo PhD yako isomeke kama ya sosholojia. Majarida: linalokubali makala kwa siku nne na kutuma ankara siku ya tano, kimbia. Kuhusu hapa au nje, wengine watajibu.

Nirudi kwenye dodoso. Kurasa sita mara 200 ni kurasa 1,200 za kulipia stationari, na kesho wakikubadilishia swali moja zote ni taka. Zangu zilifungia vitumbua Mbuyuni. Zilikuwa tupu, hazikuwa na siri ya mtu, kwa hiyo mama wa vitumbua hakuvunja maadili yoyote.