Maswali ya Wasomaji: Tairi la Modeli Lionekane Mpira

SWALI: Nimeunda modeli ya BTR-60, gari la kivita la Kisovieti, kwa kipimo cha 1:35 (ndogo mara 35 kuliko gari halisi). Matairi yake manane ya plastiki nimeyapaka nyeusi tupu, lakini yanaonekana kama ya gari la kuchezea. Tatizo ni nini?
Msomaji, Jinja

JIBU: Tatizo ni hiyo nyeusi yenyewe. Yaangalie malori yanayotoka mpakani Malaba: tairi lililotembea ni kijivu cha mkaa. Ubavu wake ni mweusi zaidi kidogo, na uso unaokanyaga barabara umekwaruzika ukapauka. Kwenye modeli, nyeusi tupu humeza vivuli na meno ya tairi hayaonekani.

Anza na msasa namba 400, ondoa mshono wa kiwandani unaopita katikati ya meno, maana hakuna rangi itakayouficha. Kisha sugua upande wa chini mpaka upate ubapa mdogo. Gari la tani 10 haliachi tairi likiwa duara kamili.

Changanya matone 3 ya rangi nyeusi ya Tamiya XF-1 na tone 1 la nyeupe XF-2, uongeze kahawia XF-10 kidogo sana. Ukipata XF-85, hiyo imeshatengenezwa kwa ajili ya mpira. Rimu ipakwe kwanza. Ukifika rimu inapokutana na tairi, zimua rangi ya tairi mpaka iwe majimaji, kisha gusa mfereji ulio kati yao kwa ncha ya brashi: rangi itakimbia yenyewe kuuzunguka. Ukiburuta brashi, mkono utateleza tu.

Vumbi ndilo linalomaliza kazi, na hapo wengi huharibu. Wanachukua murramu halisi ya barabarani. Chembe ya milimita 0.2 kwenye kipimo hiki ni kokoto ya milimita 7! Saga chaki nyekundu na ya kahawia, chuja kwa soksi ya nailoni, pakaza kwa brashi kavu, kisha dondoshea wait spiriti (kiyeyusho cha rangi ya mafuta) kidogo ili vumbi liingie kati ya meno. Likikauka, futa uso wa meno kwa kidole ikiwa gari lako limetembea kwenye lami. Kama ni barabara ya murramu, liache. Usipulize vanishi juu yake, vumbi litafifia karibu lote.

SWALI: Matairi ya modeli yangu ya Casspir, gari la kivita la Afrika Kusini, ni laini, ya vinaili. Nimeyapaka enameli (rangi ya mafuta) na mpaka leo yananata. Nisubiri?
Msomaji, Mbale

JIBU: Usisubiri, hayatakauka. Mafuta yanayolainisha vinaili hupenya kwenye enameli na kuizuia isikauke. Mafuta hayo hayo huweza kuyeyusha rimu ya plastiki, kwa hiyo vua matairi sasa. Futa rangi kwa wait spiriti, osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, yaache yakauke. Vinaili haihitaji rangi: isugue kwa msasa ule ule wa 400 mpaka mng'ao uishe, kisha weka vumbi la chaki. Rimu ipake akriliki (rangi ya maji) sehemu yote inayoguswa na tairi kabla ya kulivisha tena. Kama Casspir hiyo ni ya kikosi cha Uganda kilichokuwa Mogadishu, chaki nyekundu iache. Tumia rangi ya mchanga uliopauka.